Aletwe Aliyesema: Historia ya Ushahidi wa Kusikia

Ushahidi wa kusikia, ambao wengine huuita ushahidi wa tetesi, ni maneno yaliyosemwa au kuandikwa nje ya mahakama na mtu mmoja, kisha yakaletwa mahakamani na mwingine ili yaaminiwe kuwa ni kweli. Shahidi akisema, "Nilimwona Fulani akivunja duka," huo ni ushahidi wa moja kwa moja. Akisema, "Mama muuza maandazi aliniambia kamwona Fulani akivunja duka," mwenye habari si yeye tena. Anayepaswa kuulizwa ni mama wa maandazi: alisimama wapi, taa zilikuwa zinawaka, ana ugomvi gani na Fulani? Aliyepanda kizimbani hana majibu hayo. Kwa sababu hiyo, katika nchi zilizorithi sheria za Uingereza, ushahidi wa namna hii hukataliwa, isipokuwa pale sheria yenyewe inapofungua mlango.

Kanuni hii ilichukua muda mrefu kukomaa, na kesi inayotajwa kuliko zote katika historia yake ni ya Sir Walter Raleigh. Novemba 17, 1603 Raleigh alifikishwa mbele ya mahakama mjini Winchester, kwa kuwa London ilikuwa imekumbwa na tauni. Alishtakiwa kwa uhaini, kwamba alishiriki njama ya kumwondoa Mfalme James wa Kwanza na kumtawaza Arabella Stuart. Nguzo ya mashtaka ilikuwa maelezo ambayo Lord Cobham, rafiki yake, aliyatoa faraghani alipohojiwa. Cobham alikuwa hai, tena yuko mikononi mwa serikali hiyohiyo iliyomshtaki Raleigh. Raleigh akaomba aletwe wasimame uso kwa uso, akasema yuko tayari kukubali hatia endapo Cobham atayarudia maneno yake mbele yake. Majaji wakakataa.

Kilichofuata kinaonyesha vizuri kwa nini ombi lile lilikuwa la haki. Raleigh alikuwa na barua ya Cobham mfukoni, inayomsafisha kabisa. Edward Coke, Mwanasheria Mkuu aliyeendesha mashtaka, naye akatoa barua mpya ya Cobham huyohuyo, inayomtia hatiani upya. Mtu mmoja, barua mbili zinazopingana, na hapakuwa na njia ya kumuuliza mwandishi ipi ni ya kweli. Isitoshe, mwongoza meli aitwaye Dyer alieleza kwamba akiwa Lisbon aliambiwa na Mreno mmoja, ambaye hata jina hakumtaja, kuwa James hatavikwa taji, kwani Raleigh na Cobham watamkata koo kwanza. Raleigh alipouliza maneno hayo yanathibitisha nini juu yake, Coke alijibu kwamba yanaonyesha jinsi uhaini wake ulivyokwisha kuruka hadi ng'ambo. Jopo la raia halikuchukua hata robo saa kumtia hatiani. Adhabu ya kifo iliahirishwa, akakaa kifungoni katika Mnara wa London hadi 1616, na Oktoba 29, 1618 akakatwa kichwa kwa hukumu ileile.

Mwishoni mwa karne ya 17 ndipo majaji wa Uingereza walipoanza kuyakataa kwa uthabiti maneno ya wasiokuwepo. Sababu ya awali ilikuwa kiapo: aliyesema nje ya mahakama hakuapa. Geoffrey Gilbert aliieleza hivyo katika kitabu chake cha sheria ya ushahidi, kilichochapishwa 1754 baada ya kifo chake. Lakini katika karne ya 18 mawakili walipozidi kuruhusiwa kuwatetea washtakiwa wa makosa makubwa, uzito ulihamia kwenye maswali ya dodoso, yaani yale ambayo shahidi huulizwa na upande anaoutolea ushahidi wa kuupinga. Hiyo ndiyo sababu yenye nguvu zaidi. Mwongo huapa bila kutetemeka. Kinachomtoa jasho ni swali asilolitarajia.

Afrika Mashariki iliipata kanuni hii kupitia India. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen, ilivushwa Bahari ya Hindi na Waingereza ikatumika Zanzibar, Kenya na, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika. Uganda ilitunga ya kwake 1909 kwa kuiga hiyohiyo. Kenya ilipata sheria yake 1963 na Tanzania Bara 1967, lakini maneno ya Stephen yamo ndani ya sheria hizo mpaka leo. Kifungu cha 63 cha Kenya na kifungu kama hicho cha Tanzania vinaagiza kwamba ushahidi wa mdomo sharti uwe wa moja kwa moja: jambo la kuonekana lielezwe na aliyeliona, la kusikika lielezwe na aliyelisikia.

Mlango unaoleta mabishano makali ni wa maneno ya marehemu. Mahakama za Uingereza ziliyapokea kwa sharti moja, lililoelezwa katika kesi ya Woodcock ya 1789: aliyeyasema awe amekata tamaa kabisa ya kupona, kwa imani kwamba anayekwenda mbele ya Mungu hataondoka na uongo mdomoni. Stephen aliliacha sharti hilo. Kwa sheria ya India, na kwa zile zilizotokana nayo, inatosha maneno yawe yanahusu chanzo cha kifo au mazingira yaliyokileta.

Upana wa mlango huo ulionekana katika kesi ya Pakala Narayana Swami. Machi 1937, katika stesheni ya Puri nchini India, mwili wa mwanamume ulikutwa umekatwakatwa ndani ya sanduku la chuma kwenye behewa la daraja la tatu. Mjane wake alieleza kwamba mumewe alimwambia anakwenda Berhampur kufuata fedha zake, baada ya kupata barua kutoka nyumbani kwa mshtakiwa. Alipoyasema hayo alikuwa mzima wa afya, anajiandaa kwa safari. Mwaka 1939 Privy Council ya London, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, iliamua kwamba maneno yale yanapokelewa.

Kupokelewa, hata hivyo, si kuaminiwa. Mwaka 1954, katika kesi ya Pius Jasunga, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani kwa kauli ya marehemu peke yake bila ushahidi mwingine wa kuiunga mkono. Onyo hilo lina msingi mzuri. Aliyechomwa kisu gizani katika purukushani anaweza kumtaja asiyehusika kwa moyo mweupe kabisa, na hakuna wa kumdodosa.

Si kila neno la asiyekuwepo ni ushahidi wa kusikia. Mfano ni kesi ya mtu aitwaye Subramaniam, aliyekamatwa Malaya enzi za hali ya hatari akiwa na risasi, kosa lililokuwa na adhabu ya kifo. Alijitetea kwamba waasi walimlazimisha kwa vitisho, lakini jaji akamzuia kusema waliyomwambia, kwa kuwa waasi wenyewe hawakuja kutoa ushahidi. Mwaka 1956 Privy Council ilifuta hukumu hiyo. Ukweli wa vitisho haukuwa hoja. Hoja ilikuwa kwamba vilitamkwa na vikamtia hofu.

Uingereza yenyewe imelegeza kamba. Mwaka 1964, katika kesi ya Myers iliyohusu magari ya wizi, kumbukumbu za kiwanda zilizokuwa na namba za injini zilihesabiwa kuwa ushahidi wa kusikia, kwa sababu wafanyakazi walioziandika hawakuweza kutambuliwa. Bunge likabadili sheria mwaka uliofuata, na kufikia 1995 katazo lilikuwa limeondolewa katika kesi za madai. Marekani ilikwenda upande mwingine: katika kesi ya Crawford ya 2004, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilirudisha kwa nguvu haki ya mshtakiwa kukabiliana na shahidi wake, ikirejea kesi ya Raleigh.

Tanzania Bara imechukua njia ya kati. Sheria yake ya Ushahidi inaruhusu maelezo ya maandishi kupokelewa katika kesi ya jinai bila mwandishi kufika, kwa masharti kadhaa ambayo lazima yote yatimizwe. Mojawapo ni kwamba upande wa pili upewe nakala mapema, nao una siku 10 za kutoa taarifa ya kupinga.