KANIKI YA SITI: JUU YA KUIKUBALI KASORO KATIKA SANAA

Katika historia ya kila taifa hutokea watu ambao kasoro walizozaliwa nazo, au walizobandikwa na wenzao, huwa ndizo mlango wa kuingilia utukufu wao. Katika insha hii twapenda kumtazama mmoja wao, marehemu Siti binti Saad wa Unguja. Habari zake ni mashuhuri, na marehemu Shaaban Robert, aliyewahi kuonana naye katika siku za mwisho za uhai wake, alimwandikia wasifu. Sisi hatukusudii kuurudia wasifu huo. Nia yetu ni kuuliza swali moja: mtu aliyedharauliwa kwa sura, kwa nguo na kwa nasaba, alifanyaje hata dharau hizo zisimzibe kinywa?

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, nao walitoka katika tabaka la watumwa. Jina alilopewa mtoto huyo lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, yeye alikuwa amekwisha kuwa kijana. Lakini sheria hufuta hali, haifuti macho ya watu. Hakujua kusoma wala kuandika. Kazi ya kwao ilikuwa kufinyanga vyungu, naye alivichukua mjini kuviuza.

Ili kuifahamu dharau iliyompata, yatupasa kwanza kuifahamu lugha ya nguo katika Unguja ya zama hizo. Kaniki ilikuwa merikani iliyotiwa nili, nguo nyeusi isiyo na ua wala maandishi. Ilikuwa nguo ya mjakazi na ya mtu wa shamba. Baada ya mwaka 1897 wanawake wengi waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakajitwalia kanga zenye rangi na nakshi, na baadaye wakavaa buibui kama mabibi wa mjini. Hatuwalaumu hata kidogo. Mtu aliyenyimwa rangi maisha yake yote ana haki ya kuzitafuta rangi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, kumwambia mwanamke wa mjini kwamba alikuja na kaniki kulikuwa ni kumvua nguo mbele ya hadhara na kuionyesha asili aliyodhaniwa anaificha.

Siti alihamia mjini mwaka 1911. Sauti yake ilipoanza kusifiwa, wenye husuda walimtungia wimbo wa kumkejeli. Walimkumbusha kaniki yake, wakasema hana uzuri wa sura, na kwamba lau si sauti asingepata hata cha kula. Hebu tufikiri, ndugu msomaji, mtu hufanyaje anapotupiwa maneno ya namna hiyo mjini alimo mgeni? Wapo ambao wangalitafuta ukoo wa kuazima. Wapo ambao wangalinyamaza na kurudi shamba. Siti hakutenda lolote katika hayo. Alijibu kwa wimbo, na katika jibu lake hakudai kuwa yeye ni mzuri, wala hakudai nasaba tukufu. Aliyaacha hayo yote kwa wenyewe, akasema kuwa hasara ya mwanadamu ni kukosa akili. Kwa kuikubali kasoro hiyo kwa kinywa chake mwenyewe, aliwanyang'anya watesi wake silaha yao ya pekee. Mtu hawezi kufichuliwa jambo ambalo halifichi.

Hapa hapana budi tutahadhari, maana ndipo wengi wanapokosea. Kuikubali kasoro si kuulea uvivu. Siti aliikubali sura yake kwa kuwa haikuwa kazi yake; sauti ilikuwa kazi yake, na hiyo hakuiacha kama alivyoikuta. Mjini alifunzwa na Ali Muhsin, akajifunza kuimba kwa kanuni na kufuatana na ala. Alijifunza hata kuimba kwa Kiarabu, akaalikwa katika majumba ya wakubwa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini jambo kubwa alilotenda ni katika lugha. Tangu enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888 na kumpeleka Muhammad Ibrahim Misri kujifunza muziki, taarabu ilikuwa sanaa ya jumba la mfalme, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, ilifuata njia hiyo. Kiswahili kilionekana lugha ya jikoni na sokoni. Siti na wenzake, miongoni mwao Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo na Mbaruk Talsam, walikiingiza Kiswahili hicho hicho katika taarabu, pamoja na mambo ya watu wa Ng'ambo. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, waeleza habari za mwanamke mgeni aliyeuawa na jinsi haki ilivyopotoshwa. Hayo hayakuwa mambo ya jumbani. Lugha iliyohesabiwa kuwa upungufu wake ndiyo iliyomfanya asikike mahali ambapo Kiarabu kisingefika. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodiwa katika sahani za santuri, na sauti ya mfinyanzi wa Fumba ikaenea pwani yote na bara. Sahani za wakati huo zilichukua kiasi cha dakika tatu tu kwa upande mmoja, kwa hiyo nyimbo zilizozoea kuimbwa kwa nafasi barazani zilibidi kubanwa. Hata chombo kilichomtangaza kilikuwa na upungufu wake.

Tumeyaandika haya kwa kuwa sisi wenyewe tulichelewa kuyajua. Sisi ni watu wa bara. Tulipokuwa vijana katika kazi ya ofisi tulianza kutunga mashairi, tukaona aibu kwa Kiswahili cha kwetu. Tuliyakusanya maneno ya kale ya pwani kama mtu akusanyavyo vyombo vya kuazima kwa ajili ya karamu. Mama yetu alipofariki tulimtungia marsiya ya beti kumi na mbili, vina vyake vimetimia na mizani haina ila. Tuliisoma siku ya arobaini. Tulipomaliza, shangazi yetu, aliyemuuguza marehemu kwa mikono yake hadi dakika ya mwisho, alituuliza kwa upole, "Mwanangu, huyo uliyemsoma ni nani?"

Hatukuwa na jibu. Maneno yalikuwa mazuri, lakini mama hakuwamo. Baada ya miezi kadhaa tuliitunga upya kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyatumia alipokuwa akituita tule. Ubeti wa nne una mshororo uliopungukiwa na mizani moja. Tulijaribu mara nyingi kuujaza, na kila mara ilitubidi kuliondoa neno alilopenda kutuitia. Mwishowe tuliuacha ulivyo. Wajuzi wa arudhi wakiukuta watatusahihisha, nao watakuwa na haki. Shangazi aliposomewa hakuuliza tena ni nani.

Njia hiyo ya Siti haikukatika naye alipofariki mwaka 1950. Marehemu Fatuma binti Baraka, tumjuaye sote kwa jina la Bi Kidude, aliimba hadi uzeeni kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, asijaribu kuilainisha wala kujifanya kijana. Alipofariki mwaka 2013, iliyokumbukwa ni mikwaruzo ile ile. Nao wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao mwaka 1988, waliliita Sauti ya Siti. Hawakuchagua jina la bibi wa jumbani.

Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni mwezi Desemba 1962, alisikitika kwamba wakoloni walikuwa wametufundisha kuyaonea haya mambo yetu wenyewe. Twadhani kazi hiyo haijaisha, kwa sababu haya haitoki kwa amri ya serikali. Hutoka kwa mtu mmoja mmoja, siku anapokaa na kalamu, na kitambaa, na udongo, au na sauti yake, akaamua kutoazima. Wazee walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Yule aliyeitwa Mtumwa tangu kuzaliwa hakuiacha asili yake, na kwa hiyo jina lile halikupata pa kumshika.