Kifungu Kimoja Kwa Mkataba Kinakunyima Mahakama

Wasee, tuanze na hii: usuluhishi wenyewe hauna shida. Wafanyabiashara wawili wakikosana, wanatafuta mtu wa kati, anawaamulia, maisha yanaendelea. Hao ndio Marekani ilikuwa inafikiria ikipitisha Federal Arbitration Act mwaka wa 1925. Sheria hiyo hata ilisema mikataba ya kazi ya mabaharia na watu wa reli isiguswe.

Baadaye makampuni yakaanza kuweka kifungu cha usuluhishi kwa mikataba ya wateja na wafanyakazi. Hapo hakuna kubishana bei. Unasaini ama unakosa simu. Unasaini ama unakosa kazi.

Mahakama ya Juu ikawabeba. 2001 ikaamua kwamba wafanyakazi wanaokingwa na ile sheria ni wa usafirishaji pekee. 2011 ikaja kesi ya AT&T. Mume na mke waliahidiwa simu za bure, halafu wakatozwa ushuru wa dola 30.22. Majaji 5 kwa 4 wakasema kampuni inaweza kuwazuia wateja kushtaki kwa pamoja. Sasa niambie, nani atalipa wakili juu ya dola 30? Hakuna. Lakini kata watu milioni moja dola 30 kila mmoja uone hiyo doo. 2018, kwa kesi ya Epic Systems, wafanyakazi nao wakafungiwa mlango huo huo.

Halafu kuna siri. Kesi ya mahakamani watu wanaisikia, ya msuluhishi mara nyingi inaishia chumbani. Mkataba wa Gretchen Carlson, mtangazaji wa Fox News, ulikuwa na kifungu hicho. Julai 2016 akaacha kampuni kando, akamshtaki bosi Roger Ailes binafsi kwa unyanyasaji wa kingono. Ailes alikana, lakini mwezi huo huo akaondoka. Wanawake wengine wakaanza kuongea.

Carlson akapigania sheria mpaka Machi 3, 2022, Rais Biden akaisaini. Sasa kwa kesi za unyanyasaji wa kingono, mlalamishi ndiye anachagua: mahakama ama msuluhishi.

Lakini mshahara uliokatwa? Bili ya uongo? Bado. Mswada mpana, FAIR Act, ulipita Bunge la Wawakilishi 2019 na 2022, na Seneti haijaupitisha. Kwangu hiyo ni nusu ya haki. Mtu hafai kusubiri makosa yawe aibu ya kitaifa ndio aruhusiwe kuona jaji.