Romeo Must Die: albamu iliyoishinda sinema yake

Wadau, leo nataka tuongelee albamu moja ambayo kaka na dada zetu waliisikiliza kwenye kaseti za kurekodi mpaka utepe ukalegea, halafu ikapotea. Namaanisha muziki wa sinema ya Romeo Must Die, uliotoka Machi 2000.

Sinema yenyewe mnaijua. Jet Li ndiye steringi, Aaliyah ni binti wa mzee wa mtaa, na familia mbili, moja ya Weusi na nyingine ya Wachina, zinagombea ardhi ya ufukweni Oakland ili ujengwe uwanja wa mpira (ingawa walipigia picha Vancouver, Kanada). Mtu akivunjwa mfupa, unaonyeshwa mfupa ukipasuka kama uko chumba cha eksirei. Hadithi yenyewe, tusidanganyane, ni nyepesi. Hata huyo Romeo wao anamaliza sinema bila busu: wanakumbatiana tu, basi. Mwanaume wa Kichina na msichana Mweusi, mwaka 2000, Hollywood ilikuwa bado inaona aibu. Hayo ni maoni yangu.

Ndoa ya hip hop na ngumi za Kichina haikuanzia hapo. Vijana Weusi wa New York walikulia kwenye majumba ya sinema yaliyoonyesha picha za kung fu miaka ya sabini na themanini, na kundi zima la Wu-Tang Clan lilichukua jina lake huko. Hollywood ilichelewa kuona kwamba watazamaji hao wana pesa. Mwaka 1998 ikaja Rush Hour ya Jackie Chan na Chris Tucker, muziki wake ukatolewa na Def Jam, na humo ndimo ulimotoka wimbo wa Jay-Z, Amil na Ja Rule uitwao Can I Get A. Hesabu ikawa rahisi: wimbo unapigwa redioni, sinema inatangazwa bure, sinema inajaza watu, albamu inauzika. Prodyuza Joel Silver aliielewa hesabu hiyo vizuri. Alimchukua mwongozaji Andrzej Bartkowiak, akamweka DMX kwenye nafasi ndogo ya mwenye klabu, na Aaliyah, ambaye hakuwa amewahi kuigiza sinema kubwa, akapewa nafasi ya mbele.

Albamu za namna hii kwa kawaida ni kapu la mabaki. Nyimbo zilizokataliwa kwenye albamu za kweli zinatupwa humo, unalipia kumi na nane, unasikiliza mbili. Na hii ina mabaki yake pia, sitaki kuwadanganya. Ila tofauti yake ni Timbaland. Yeye ndiye aliyeshirikiana na Stanley Clarke, mpiga besi wa jazi, kwenye muziki wa ndani ya sinema, na midundo yake imetawala sehemu nzuri za albamu. Wapo Destiny's Child, yupo Ginuwine, wapo Playa, yupo DMX akiunguruma pembeni ya Aaliyah asiyepandisha sauti hata kidogo. Hapo ndipo utamu ulipo. Yeye anabweka, dada ananong'ona, na anayesikika zaidi ni dada.

Halafu kuna Try Again. Timbaland anafungua kwa kuazima salamu ya Rakim ya mwaka 1987, kisha inaingia besi inayojikunja kama nyoka kwenye gunia. Mashairi yalitungwa na Static Major wa Playa. Wimbo huu haukuuzwa dukani kama singo Marekani wakati unapanda chati. Mpaka mwisho wa 1998 wimbo wa namna hiyo usingeruhusiwa hata kuingia kwenye chati kuu ya Billboard. Kanuni ikabadilishwa, na Juni 2000 Try Again ukawa wimbo wa kwanza kukaa namba moja kwa nguvu ya redio peke yake. Fikiria, tangazo la sinema ya ngumi ndilo lililoandika historia hiyo.

Sasa sehemu inayouma. Aaliyah alikufa kwa ajali ya ndege Bahamas tarehe 25 Agosti 2001, akiwa na miaka 22. Static Major akafariki mwaka 2008. Haki za kazi hizi zilibaki kwa Blackground, kampuni ya Barry Hankerson, mjomba wake Aaliyah. Dunia ilipohamia kusikiliza muziki kwenye intaneti, kazi za Blackground hazikuhamia nayo. Kwa miaka mingi ukimtafuta Aaliyah kwenye programu za muziki ulikuta albamu yake ya kwanza ya 1994, ambayo haki zake zilikuwa kwingine. Ngoma iliyowahi kuwa namba moja Marekani ikawa ya kupakua kwa wizi. Kuna vijana wamemaliza chuo wakimjua Aaliyah kama picha kwenye fulana.

Mlango ulifunguliwa Agosti 2021, albamu moja moja, na Romeo Must Die ikawekwa mwanzoni mwa Septemba pamoja na ile ya Exit Wounds, sinema nyingine ya Silver na Bartkowiak ya mwaka 2001. DMX hakuiona siku hiyo; alikuwa amefariki Aprili 9 mwaka huo huo.

Ukiitafuta, ruka mpaka ngoma ya Playa inayoitwa Woozy. Sauti ya Static Major imo humo.