Maarifa Yasiyo na Tamati: Wasan, Mmea wa Hoodia na Sheria ya Miliki

Watunzi wa tenzi wa pwani walikuwa na desturi ya kuhitimisha kazi zao kwa beti za tamati. Humo mtunzi alilitaja jina lake, pengine na la mji wake, akaongeza hesabu ya beti na tarehe. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyetunga Utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, aliichukua hadithi iliyokuwa ikisimuliwa na vizazi vya watu wa pwani, akaipa bahari na vina. Hadithi ilibaki ya wote. Utenzi ukawa wake. Sisi wasomaji hatuoni mgongano kati ya mambo hayo mawili.

Nimeanza na tamati kwa kuwa sheria ya miliki bunifu nayo huanzia hapo. Huuliza: nani amebuni? Lini? Je, jambo hili ni jipya? Mwenye majibu hupewa hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake, kwa kawaida kwa miaka 20. Lakini maarifa ya jadi, kama methali, hayana beti la mwisho lenye jina. Yamepita midomo mingi mno. Basi anayekuja na kalamu akaandika tamati yake chini ya maarifa hayo, huonekana mbele ya sheria kuwa ndiye mtunzi.

Kisa kinachoeleza jambo hili kwa uwazi zaidi ni cha Wasan wa jangwa la Kalahari. Hawa ni watu wapatao 100,000, waliotawanyika Botswana, Namibia, Afrika Kusini na nchi jirani, wenye lugha za vidoko ambazo nyingine zimebakiwa na wasemaji wa kuhesabika. Kwa karne nyingi wawindaji wao walibeba vipande vya mmea wenye miiba unaofanana na dungusi, wakautafuna ili kuzuia njaa na kiu katika safari ndefu. Baadhi yao huuita xhoba. Wataalamu wa mimea huuita Hoodia.

Baraza la Utafiti wa Kisayansi na Viwanda la Afrika Kusini, CSIR, lilianza kuuchunguza mmea huo katika miaka ya 1960, katika utafiti wa mimea ya porini inayoliwa. Katikati ya miaka ya 1990 likaombea hataza kiini kilichozuia hamu ya kula, kilichokuja kuitwa P57. Mwaka 1997 likaipa leseni kampuni ya Phytopharm ya Uingereza, nayo mwaka 1998 ikaingia ubia na kampuni kubwa ya dawa ya Pfizer. Lengo lilikuwa dawa ya kupunguza unene kwa ajili ya nchi zilizoshiba. Chakula cha mwenye njaa kikawa tumaini la aliyevimbiwa.

Wasan hawakuulizwa. Habari ilipotoka magazetini mwaka 2001, mkuu wa kampuni ya Uingereza alinukuliwa akisema kuwa alidhani watu hao wamekwisha kutoweka. Kila nikiyakumbuka maneno hayo hujiuliza ni lugha ngapi zimeandikiwa taazia ilhali wasemaji wake wangali hai.

Hapa inafaa kutazama kisa kingine. Mwaka 1995 ofisi ya hataza ya Marekani ilitoa hataza juu ya matumizi ya manjano katika kuponya vidonda, jambo ambalo mama yeyote wa Kihindi angelieleza bila kufungua kitabu. Baraza la utafiti la India, ambalo nalo kwa bahati huitwa CSIR, liliipinga. Likawasilisha maandishi, yakiwemo ya kale ya Kisanskriti, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. India ilishinda kwa sababu ilikuwa na karatasi. Wasan walikuwa na masimulizi. Sheria, kama baadhi ya wahakiki wetu wa zamani wa fasihi, ilikuwa bado haijajifunza kulithamini neno lililosemwa kama lile lililoandikwa.

Hata hivyo Wasan hawakukaa kimya. Kupitia Baraza la Wasan la Afrika Kusini na mawakili wao walijadiliana na CSIR, na Machi 2003 mkataba ukatiwa saini. Wasan wangepata asilimia 8 ya malipo ambayo CSIR ingepokea katika kila hatua ya utafiti, na asilimia 6 ya mrabaha endapo bidhaa ingeuzwa. Dunia ilishangilia, na kwa haki, maana mikataba ya namna hiyo ilikuwa nadra mno. Lakini hataza yenyewe ilibaki mikononi mwa CSIR. Wasan walitambuliwa kuwa chimbuko la maarifa. Hawakutambuliwa kuwa wenye hataza. Aidha, Wanama nao walikuwa wakiutumia mmea huo, na mkataba haukuwataja.

Mwisho wa biashara hiyo haukuwa na shangwe. Pfizer ilijitoa mwaka 2003. Unilever iliyoingia mwaka 2004 ikajitoa mwaka 2008, ikieleza mashaka juu ya usalama na ufanisi wa bidhaa. Mrabaha uliosubiriwa haukuja. Hata hivyo somo halikupotea: mwaka 2019 Wasan na Wakhoi, safari hii kwa pamoja, walikubaliana na wafanyabiashara wa chai ya rooibos kupata asilimia 1.5 ya bei ya chai hiyo inaponunuliwa shambani.

Sina budi kueleza kwa nini kisa hiki hakinipi usingizi. Miaka mingi iliyopita nilikaa na ajuza mmoja wa kijijini kwetu, nikaandika majina ya miti shamba pamoja na nyimbo fupi zinazoimbwa wakati wa kuichimba. Nilichapisha kijitabu, jina langu likiwa juu ya jalada. Nilipompelekea nakala, alimwomba mjukuu wake amsomee. Kisha akaniuliza kwa upole, "Na mimi nimo wapi, mwanangu?" Nikaona haya, nikamwahidi kuwa chapa ya pili itakuwa na jina lake. Akatikisa kichwa. "Jina langu peke yangu halitoshi. Na mama yangu je? Na mama yake?" Chapa ya pili haikutoka, na naye ametangulia mbele ya haki.

Swali lake ndilo swali la Wasan. Kumtaja mmoja ni kuwadhulumu wengi; kutomtaja yeyote ni kuwadhulumu wote.

Nadhani lugha yetu ina neno ambalo wanasheria wangelihitaji mapema. Tunapotafsiri haki hizi tunasema miliki, na miliki ni ya mwenye uwezo wa kuuza. Lakini pwani tunaijua pia wakfu: mali isiyouzwa, isiyorithiwa na mtu mmoja, yenye msimamizi na manufaa yanayowafikia walengwa vizazi hata vizazi. Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ajuza yule hakuwa mmiliki wa nyimbo zake. Alikuwa msimamizi, nami nilizichukua kana kwamba ameniuzia.

Sheria nazo zimeanza kuelekea huko, ingawa kwa mwendo wa kobe. Tarehe 9 Agosti 2010, huko Swakopmund, Namibia, nchi wanachama wa shirika la miliki bunifu la ARIPO zilipitisha itifaki ya kulinda maarifa ya jadi. Itifaki hiyo huipa jamii yenyewe haki, na ulinzi wake haukomi baada ya miaka 20 bali hudumu kadiri maarifa yanavyotimiza masharti. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2016. Mei 2024 huko Geneva, baada ya majadiliano ya zaidi ya miaka 20, ukapitishwa mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza itokanayo na maarifa ya jadi juu ya viumbe na mimea aeleze ni jamii gani iliyompa maarifa hayo. Kwa maneno yetu: aandike tamati ya kweli.

Wapenzi wa lugha, sisi nasi ni wachimbaji. Tunakwenda vijijini na daftari, tunarudi na misemo, vitendawili na nyimbo, kisha tunachapisha. Siku hizi kila ninapoandika neno nililopewa huongeza mistari mitatu chini yake: nimelipata wapi, kwa ukoo au jamii gani, na wamekubali litumiwe vipi. Mara mbili nimejibiwa kwamba wimbo usitoke nje ya jando. Nimeufunga ukurasa, na humo daftarini sikuandika kitu.