Walimu wa UPE na Kiingereza Wasichopewa

Kiingereza kikizorota shuleni Tanzania, lawama humwangukia kwanza mwalimu, kana kwamba umahiri ni kipaji alichonyimwa. Historia yaonyesha vingine. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, Kiingereza kilibaki somo moja katika ratiba, na kwa mtoto wa kijijini mwalimu akawa karibu mtu pekee wa kumsikilizisha lugha hiyo. Kazi ilizidi, maandalizi yakapungua. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi imfikie kila mtoto ifikapo 1977. Walimu wakatakiwa kwa maelfu, na wengi walichukuliwa wakiwa wametoka darasa la saba, wakasomeshwa kwa posta na redio huku tayari wameshika chaki. Hao ndio walimu wa UPE (Elimu ya Msingi kwa Wote), ambao jina lao limegeuzwa kejeli isivyo haki. Kusoma, kuandika na kuhesabu walifundisha, kwa sababu Kiswahili walikimudu. Kiingereza walitakiwa wakigawe kabla hawajakipata. Mbinu za kufundisha zilikuwamo katika mafunzo yao. Muda wa kuishi na lugha yenyewe haukuwamo.

Wapo watakaojibu kwamba Kiingereza kingetumika kufundishia tangu darasa la kwanza, watoto na walimu wangekizoea. Lakini sekondari hakikuondoka kamwe, na utafiti wa Criper na Dodd wa 1984 ulikuta huko nako wanafunzi wengi hawakiwezi kiasi cha kujifunzia, walimu wakieleza somo kwa Kiswahili na kuandika ubaoni kwa Kiingereza. (Ajabu ni kwamba watafiti haohao walipendekeza kibaki.) Wengine huwataja walimu wa zamani, wakiwamo vijana wa Kimarekani walioletwa Afrika Mashariki kuanzia 1961. Walikijua, ndiyo, ila walifundisha wachache waliokwisha kuchujwa kwa mitihani, kwa hiyo sifa ya darasa lile haikuwa ya mwalimu peke yake. Kisha shule za sekondari za kata zilipotapakaa katika miaka ya 2000, wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani, wananchi wakawaita vodafasta, yaani walimu wa harakaharaka. Kilichopunguzwa, kwa mara nyingine, kilikuwa muda wa kumwandaa mwalimu.