Fidia kwa Wafanyakazi Katika Jimbo la New York

Mwanzoni mwa karne ya 20, mfanyakazi wa New York aliyeumia kazini hakuwa na haki ya kulipwa mpaka athibitishe mahakamani kwamba mwajiri wake alizembea. Mwajiri naye alikuwa na hoja tatu za kujitetea: kwamba majeruhi mwenyewe alichangia ajali, kwamba kosa lilikuwa la mfanyakazi mwenzake, au kwamba alijua hatari za kazi alipoikubali. Hoja moja tu ilitosha kuangusha kesi, na familia nyingi zilibaki bila chochote.

Mwaka 1909 bunge la jimbo liliunda tume ya uchunguzi chini ya seneta J. Mayhew Wainwright. Katibu wa tume alikuwa Crystal Eastman, mwanasheria aliyekuwa amechunguza ajali za kazini huko Pittsburgh. Kazi ya tume hiyo ilizaa sheria ya 1910, iliyowalazimu waajiri wa kazi za hatari kulipa fidia hata kama hawakuwa na kosa. Lakini tarehe 24 Machi 1911, katika kesi ya Ives dhidi ya kampuni ya reli ya South Buffalo, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha, ikisema kwamba inamnyang'anya mwajiri mali yake kinyume cha katiba. Kesho yake moto uliteketeza kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York na kuua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji.

Moto huo ulizidisha shinikizo la kutaka mageuzi, na kwa kuwa kikwazo kilikuwa katiba, ilibidi katiba ya jimbo irekebishwe. Wapiga kura waliridhia mwaka 1913, na sheria mpya ikaanza kutumika Julai 1914, pamoja na mfuko wa bima wa jimbo. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani iliihalalisha. Magonjwa yatokanayo na kazi yaliongezwa mwaka 1920.

Msingi wa mfumo huu ni mapatano: mfanyakazi hulipwa bila kuulizwa kosa ni la nani, na kwa kawaida hawezi kumshtaki mwajiri wake. Mwajiri hukata bima kwa kampuni binafsi au kwa mfuko wa jimbo, au huruhusiwa kujibebea mzigo mwenyewe. Haruhusiwi kukata gharama hiyo kwenye mshahara. Ada hutegemea aina ya kazi na rekodi ya ajali, hivyo kuzuia ajali kuna faida.

Majeruhi anatakiwa kumjulisha mwajiri ndani ya siku 30 na kufungua madai ndani ya miaka miwili. Matibabu hulipiwa na bima. Asiyeweza kufanya kazi kabisa hupata theluthi mbili za wastani wa mshahara wake wa wiki, bila kuvuka kikomo kilichowekwa. Siku saba za kwanza hazilipwi, ila ulemavu ukizidi siku 14. Viungo vina viwango vyake: aliyepoteza mkono mzima hukadiriwa malipo ya wiki 312, jicho wiki 160. Mfanyakazi akifariki, mwenzi na watoto wake hulipwa. Migogoro huamuliwa na Bodi ya Fidia kwa Wafanyakazi.

Mwajiri asiye na bima hutozwa faini na anaweza kushtakiwa na majeruhi, tena bila kuruhusiwa kutumia hoja zile tatu. Mfuko maalumu huwalipa wafanyakazi wa waajiri wa namna hiyo, na wahamiaji wasio na vibali nao wana haki ya fidia.