Leo panafaa? Historia fupi ya kuisoma ardhi kabla ya farasi kutoka

Chukua mbio mbili za farasi zilizofanyika kwenye uwanja mmoja, Aintree, pale Liverpool nchini Uingereza. Mwaka 1990 farasi aitwaye Mr Frisk alishinda Grand National kwa dakika 8 na sekunde 47.8, ardhi ikiwa kavu na ngumu. Mwaka 2001 Red Marauder alishinda mbio hizohizo, zaidi kidogo ya kilomita 7, lakini yeye alitumia dakika 11. Mvua ilikuwa imeugeuza uwanja kuwa tope tupu. Farasi 40 walianza, 4 tu wakamaliza, na wawili kati ya hao wanne walimaliza baada ya wapandaji wao kudondoka na kupanda tena.

Farasi hawakuwa walewale, sawa. Ila tofauti ya zaidi ya dakika mbili huwezi kuieleza kwa miguu ya farasi peke yake. Sehemu kubwa ya jibu iko chini ya kwato.

Ndiyo maana, popote watu wanapopanda farasi kwa kasi, kuna mtu anayeamka mapema kwenda kukanyaga majani na kujibu swali moja: leo panafaa? Zamani huko Uingereza kazi hii ilikuwa ya viongozi wa uwindaji wa mbweha, ambao msimu wao ulianza Novemba hadi Machi, yaani miezi ya mvua na baridi kali. Uwindaji huo wa kutumia kundi la mbwa ulipigwa marufuku England na Wales kwa sheria ya mwaka 2004. Lakini swali lenyewe halikufutwa na sheria. Leo wanaulizana waandaaji wa misafara ya hisani: watu wanalipa kiingilio, wanapanda farasi kupita mashamba ya wakulima waliokubali, na fedha zinakwenda kusaidia wenye shida.

Sasa, kwa nini ardhi iwe na uzito kiasi hicho? Fanya hesabu nami. Farasi mkubwa ana kama kilo 500. Akikimbia kwa kasi, kuna wakati mguu mmoja unabeba takriban mara mbili na nusu ya uzito wake wote, na kwato inakaa chini kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde tu. Ardhi ikiwa ngumu mno, kishindo kinapanda moja kwa moja kwenye mifupa na viungo. Ikiwa laini mno, kwato inazama, na kano za nyuma ya mguu zinavutwa kupita kiasi kila anapojing'oa. Mbaya zaidi ni ardhi isiyo na msimamo: hatua tatu ngumu, ya nne tope. Farasi hana muda wa kujipanga upya. Na mkulima naye anabaki na shamba la ngano lililochimbwachimbwa.

Kwa karne nyingi vipimo vilikuwa viwili: kisigino na fimbo. Unachoma fimbo ardhini, unasikilizia mkono. Usicheke, maana ulikuwa ujuzi wa kweli. Wawindaji wa Uingereza walikuwa na msemo kwamba ardhi "bado ina mfupa". Walimaanisha asubuhi ya sakitu, ile baridi ya alfajiri inayogandisha umande, ambayo watu wa Makete na Njombe wanaijua vizuri. Jua likitoka, juu panayeyuka na kuonekana laini, kumbe sentimita chache chini bado ni jiwe. Kwato inateleza kama mtu aliyevaa kandambili kwenye sakafu yenye sabuni. Jicho linasema twende, fimbo inasema ngoja.

Kukosea au kuchelewa katika uamuzi huu kumewahi kugharimu zaidi ya mguu wa farasi. Usiku wa kuamkia 18 Juni 1815, mvua kubwa ilinyesha Waterloo, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Mizinga ya Napoleon ilivutwa na farasi, na kwenye tope isingesogea. Jenerali wake wa mizinga, Drouot, alishauri wasubiri ardhi ikauke kidogo. Vita vikaanza karibu saa tano na nusu asubuhi. Jioni ile majeshi ya Prussia yaliwahi kufika kuwasaidia Waingereza, na Napoleon akashindwa. Wanahistoria bado wanabishana ni kiasi gani saa zile za kusubiri ziliamua matokeo. Lakini ona tatizo lenyewe: kuondoka mapema kuna gharama, na kusubiri kuna gharama pia.

Sayansi ya jambo hili imechelewa kuliko unavyodhani. Mwaka 1911 mkemia wa Sweden, Albert Atterberg, alieleza kwamba udongo wa mfinyanzi hubadili tabia kulingana na maji yaliyomo. Ukiwa mkavu unavunjika, ukiongezwa maji unafinyangika, ukizidishiwa unatiririka kama uji. Mipaka kati ya hali hizo inaweza kupimwa. Hadi leo maabara za barabara, zikiwemo za kwetu, hupima "mipaka ya Atterberg" kabla ya kujenga juu ya udongo.

Mwaka 1925 Karl Terzaghi, mhandisi kutoka Austria aliyekuwa akifundisha Istanbul, alichapisha kitabu kilichoeleza kinachoendelea ndani. Udongo ni chembe zilizogusana, na katikati yake kuna nafasi zenye hewa na maji. Nguvu ya udongo inatokana na chembe kubanana. Nafasi zikijaa maji, mzigo ukija ghafla maji hayapati muda wa kutoka, hivyo yanabeba sehemu ya mzigo yenyewe. Chembe zinaacha kubanana, udongo unalegea. Kwato inayokaa chini sehemu moja ya kumi ya sekunde ni mzigo wa ghafla kwelikweli. Mchanga unapitisha maji haraka, kwa hiyo shamba la kichanga linaweza kufaa siku moja tu baada ya mvua, wakati jirani yake la mfinyanzi bado linameza miguu.

Vifaa vikafuata. Miaka ya 1970 Baden Clegg, wa Chuo Kikuu cha Western Australia, alitengeneza nyundo ya kupima misingi ya barabara. Unaidondosha kutoka kimo maalumu, na kifaa ndani yake kinapima inavyosimama ghafla. Ardhi ngumu inaisimamisha kwa nguvu, laini inaipokea taratibu. Baadaye nyundo hiyo ilihamia kwenye viwanja vya mpira na vya farasi. Kisha, mwanzoni mwa karne hii, kampuni ya TurfTrax pamoja na Chuo Kikuu cha Cranfield walitengeneza GoingStick kwa ajili ya viwanja vya mbio vya Uingereza. Unaisukuma ardhini sentimita 10, halafu unaivuta kuelekea kwako hadi nyuzi 45. Inapima mambo mawili: nguvu ya kupenya na nguvu ya kuupasua udongo. Hivyo ndivyo kwato inavyofanya, inashuka kisha inasukuma nyuma. Kwa maneno mengine, ni fimbo ileile ya mababu, sasa inatoa namba.

Je, namba imemaliza kazi? Kwenye uwanja wa mbio imesaidia sana, maana ni njia moja inayojulikana na inaweza kupimwa sehemu nyingi. Msafara wa hisani ni habari nyingine. Unapita mashamba ya watu tofauti, kilima kimoja kichanga, bonde moja mfinyanzi, kivuli cha msitu ambako sakitu haijayeyuka, na lango ambalo farasi wote watabanana kupita. Namba ya sehemu moja haisemi lolote kuhusu lango la kilomita nne mbele. Lazima mtu aende akakanyage, na aanzie pabaya: mabondeni, malangoni, kwenye vivuli.

Halafu kuna lile ambalo hakuna kifaa kinachopima. Kiingilio kimeshalipwa, farasi wameshapakiwa kwenye malori, chai imeshachemshwa, na wenye shida wanasubiri hela. Katika hali hiyo mtu mmoja inabidi aseme "tunaahirisha". Nadhani hapo ndipo vipimo vinapolipa gharama yake: vinampa huyo mtu kitu cha kuonyesha zaidi ya "mimi naona". Kubishana na kisigino cha mwenzako ni rahisi kuliko kubishana na namba.

Kama unataka kujaribu mwenyewe, huhitaji farasi. Baada ya mvua ijayo chukua udongo wa mfinyanzi kidogo, uviringishe chini ya viganja hadi uwe uzi mwembamba wa kama milimita 3. Ukikatikakatika ukiwa na unene huo, umefika kwenye mpaka mmoja wa Atterberg: kavu zaidi ya hapo haufinyangiki tena. Ukiendelea kuwa mwembamba bila kukatika, bado una maji mengi. Sasa rudi sehemu ileile kila siku mpaka uzi ukatike, na uhesabu siku. Mwandaaji makini anahitaji kuzijua siku hizo kwa kila shamba kabla ya kutangaza tarehe.